Manjano, tangawizi, karafuu, habasoda au choya: ipi kwa shida ipi?

Mama alirudi kutoka dukani na mkebe wa vidonge vya unga wa karafuu. Magoti yake yanamsumbua tangu mwaka juzi, hasa alfajiri anapotaka kuinuka kwenye mswala, na muuzaji alimwambia karafuu ndiyo ya kwanza duniani kwa antioksidanti, vitu vinavyosifiwa kuzima molekuli haribifu mwilini. Hata kwenye mkebe imeandikwa hivyo kwa herufi kubwa, na namba ndefu chini yake. "Mwanangu, hii imezipita zote," aliniambia. "Hayo manjano yako hayafui dafu."

Kuhusu namba, muuzaji hakudanganya. Kuhusu goti alimpotosha, na nina hakika hakujua kwamba anampotosha. Kwa wiki kadhaa baada ya siku ile nilikaa nikisoma tafiti, nikaulinganisha mmea mmoja na mwingine, kwa sababu inayoulizwa nyumbani kwetu na kwa majirani ni ile ile: manjano, tangawizi, karafuu, habasoda, choya (rozela). Yote inauzwa kwa sifa moja, kwamba "inaondoa sumu na uvimbe". Lakini kila mmoja una kazi yake, na anayechagua kwa kuangalia upi una nguvu zaidi kwenye karatasi atanunua kitu kizuri kwa shida isiyo yake.

Nikisema uvimbe hapa simaanishi uvimbe wa saratani. Ni ule ambao mwili unauwasha wenyewe unapoumia au unapoingiliwa na vijidudu: pakapata moto, pakawa pekundu, pakafura, pakauma. Ukiwaka siku tatu ukazimika, ni tiba. Ukiwaka miaka chini chini kwenye goti au kwenye mishipa ya damu, ni ugonjwa.

Namba ya kwenye mkebe

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao walichapisha vipimo vya vyakula, vinywaji na viungo zaidi ya 3,100. Karafuu kavu iliongoza viungo vyote, wastani wa milimoli 277 za antioksidanti kwa kila gramu 100. Ni sifa kubwa kwa zao la Pemba na Unguja. Ila angalia ilivyopimwa. Unga unaloweshwa, maji yake yanatiwa kwenye kichupa chenye chuma cha aina fulani, kisha inaangaliwa chuma hicho kimegeuzwa kiasi gani. Ndani ya kichupa kile hakuna tumbo, hakuna ini, wala hakuna goti. Na hakuna mtu anayekula gramu 100 za karafuu. Sufuria nzima ya pilau inatosheka na punje chache.

Wamarekani nao walikuwa na orodha ya namna hiyo, ya kipimo kinachoitwa ORAC. Mwaka 2012 Idara yao ya Kilimo iliiondoa kwenye tovuti yake, ikaeleza kwamba namba zile hazionyeshi mmea unafanya nini kwenye mwili wa binadamu, na kwamba wauzaji wa virutubisho walikuwa wakizitumia vibaya. Hadi leo namba hizo bado zinachapwa kwenye mikebe.

Sababu yenyewe ni hii. Viambata vingi vya mimea ukivimeza, utumbo unafyonza kidogo tu, na hicho kidogo kikipita kwenye ini kinafungwa na kutolewa kwa nyongo au mkojo. Kinachobaki kwenye damu ni haba mno kupambana ana kwa ana na chembe huru, zile molekuli zilizopungukiwa elektroni zinazozunguka zikichuna kuta za seli. Kinachoonekana kuleta faida ni njia nyingine: kiambata kinaichokoza seli kidogo, na seli inaamka na kutengeneza kinga yake yenyewe, ikiwamo glutathioni. Kwa hiyo kuongeza dozi hakuongezi faida kwa kipimo kile kile. Ukizidisha, uchokozi unageuka madhara.

Tena chembe huru si adui wa kila saa. Chembe nyeupe za damu huzitengeneza kwa makusudi ili ziue bakteria. Dawa ya mseto tunayopewa tukiugua malaria ina kiambata cha jamii ya atemisinini, kilichotokana na mmea wa Kichina, na kinapokutana na chuma ndani ya kimelea hufyatua chembe huru zinazokiua. Na huko Ufini, katika utafiti wa wanaume 29,133 wavuta sigara, waliomeza vidonge vya beta-karotini, antioksidanti ile ile iliyomo kwenye karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1994. Karoti haikumdhuru mtu, kidonge kilidhuru.

Ndiyo maana kwa mtu anayetaka kuchagua, maswali yangu ni matatu. Unaumwa wapi? Je, kiambata cha mmea huo kinafika hapo? Na unameza dawa gani nyingine?

Goti na viungo: manjano na tangawizi

Kwa goti, mgongo na vidole vinavyokakamaa asubuhi, wanaostahili kushindanishwa ni hawa wawili.

Manjano (bara wengi husema binzari, tusichanganye na bizari nyembamba, ambayo ni uzile) yana kiambata cha rangi kinachoitwa kurkumini. Katika maabara kinazima NF-κB, ambayo ni kama swichi ya uvimbe ndani ya seli, na kinapunguza kimeng'enya COX-2, kile kile kinachozuiwa na diklofenaki na ibuprofeni. Tafiti nyingi zinaishia hapo, kwenye kichupa. Lakini kwa goti kuna ushahidi wa watu. Nchini Thailand wagonjwa 367 ambao gegedu la goti limelika waligawanywa makundi mawili kwa wiki 4: wengine walipewa dondoo la manjano miligramu 1,500 kwa siku, wengine ibuprofeni miligramu 1,200. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha maumivu yalipungua kwa kiwango kinachokaribiana, na waliolalamikia tumbo walikuwa wachache zaidi upande wa manjano. Kwa mtu kama mama, ambaye diklofenaki ilimchoma tumbo mpaka akaiacha, hilo si jambo dogo.

Sasa njoo jikoni tupige hesabu. Kijiko cha chai cha unga wa manjano ni kama gramu 3, na kurkumini ndani yake ni kama asilimia 3. Hiyo ni miligramu 90. Dozi nyingi zilizotumika kwenye tafiti huanzia miligramu 500, yaani karibu vijiko sita kwa siku. Huwezi kunywa kitu hicho, na ukiweza, sehemu kubwa itatoka kama ilivyoingia, kwa sababu kurkumini haipendi maji. Jaribu mwenyewe: korogea unga kwenye glasi ya maji, baada ya dakika chache umetulia chini kama mchanga. Kisha weka unga huo kwenye mafuta ya moto pamoja na kitunguu, uone rangi inavyotoka yote, mafuta yakawa kama dhahabu. Mwiko wa mbao unaoshwa mara kumi na bado ni wa njano. Kitu kinachong'ang'ania mafuta hivyo kinahitaji mafuta ili kipite kwenye utumbo, na mchuzi wetu wa nazi unampa mlaji mafuta hayo bila mtu kufikiria.

Kuna na pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kiambata kinachofanya pilipili manga iwashe, na kiasi kilichofyonzwa kikaongezeka kwa asilimia 2,000. Tangu hapo karibu kila kidonge cha manjano kinawekwa piperini. Watu hutaja namba hiyo kwa furaha, nami naitaja kwa tahadhari, maana piperini hailizuii ini lisiondoe kurkumini tu. Inalizuia lisiondoe na dawa nyingine ulizomeza, zikarundikana kwenye damu. Mwaka 2022 mtandao wa madaktari nchini Marekani wanaofuatilia dawa zinazodhuru ini ulieleza visa 10 vya ini kuvimba kutokana na virutubisho vya manjano. Watano walilazwa, mmoja alifariki. Ni wachache mno ukilinganisha na wanaovitumia, lakini hakuna hata mmoja aliyetegemea kuugua kwa kutumia kiungo cha jikoni. Mchuzi ni salama. Kidonge kizito ni dawa, na dawa inaheshimiwa.

Kuna doa jingine la manjano ambalo halihusu kurkumini. Nchini Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wanapaka mizizi kavu rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Mwaka 2019 watafiti walikuta karibu nusu ya sampuli za sokoni zina risasi. Serikali ikaingia masokoni, ikatoza faini hadharani, na kufikia mwaka 2021 hawakuikuta tena. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na haina ladha. Mimi niliwahi kununua unga uliong'aa kupita kiasi, ukaacha rangi kwenye kidole isiyo ya manjano wala ya machungwa. Sijui ulikuwa na nini, niliumwaga. Tangu siku hiyo nanunua mizizi mibichi, yenye udongo bado, naiosha, naikwangua ngozi kwa kijiko na kuikuna kwenye kikunio kidogo. Vidole vinabaki vya njano siku mbili, na ninajua ninachokula.

Tangawizi ina hadithi tulivu zaidi. Mbichi ina jinjeroli; ukiikausha, jinjeroli inapoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi ulimini. Ndiyo sababu kikombe cha tangawizi kavu kinachoma koo kuliko cha mbichi. Katika maabara shogaoli inazima uvimbe vizuri kuliko jinjeroli, kwa hiyo usiidharau tangawizi kavu ukidhani uhai wake umekwisha. Na tofauti na kurkumini, vitu hivi vinatoka kwenye maji ya moto vya kutosha. Chai yako inafanya kazi.

Inafanya kazi kiasi gani kwenye goti? Mwaka 2015 zilikusanywa tafiti tano zenye jumla ya watu 593. Waliotumia tangawizi walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, lakini nafuu ndogo, ile ya kusema "leo afadhali", si ya kutupa mkongojo. Na walioacha njiani walikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao, sababu kubwa zikiwa ladha na tumbo kuchafuka. Tangawizi inang'ara kwingine. Kwa maumivu ya hedhi, utafiti wa Iran wa mwaka 2009 wenye wanafunzi 150 ulikuta miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku tatu za mwanzo, zinasaidia sawa na ibuprofeni. Kwa kichefuchefu cha ujauzito ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko mmea wowote ninaoujua, kwa kiasi cha gramu 1 ya unga kwa siku.

Mizani yangu basi ni hii. Kama goti linakusumbua kiasi, na hasa kama tumbo lako halina vidonda, anza na tangawizi ya kila siku na manjano ndani ya chakula chenye mafuta. Ni rahisi, ni salama kwa wengi, na ndani ya miezi miwili utajua. Kama goti limekushika hasa, ini lako ni zima na humezi dawa nyingi, kidonge cha dondoo la manjano kwa wiki nne hadi nane, daktari akijua, kina ushahidi mzito kuliko tangawizi. Ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho ya manjano au mwili kuwasha, acha siku hiyo hiyo uende hospitali. Sioni sababu ya kununua kidonge hicho kwa ajili ya saratani au kusahau. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani walieleza kwa kina jinsi kurkumini inavyodanganya vipimo vya maabara, kwa kuwa inang'aa na kunata kwenye kila kitu, hivyo inaonekana inatibu hata isipotibu.

Bingwa wa namba: karafuu

Turudi kwenye mkebe wa mama. Mafuta ya karafuu, kwa sehemu kubwa asilimia 70 hadi 90, ni kitu kimoja: yujenoli. Hicho ndicho kinachoipa karafuu namba yake kubwa, na ndicho unachokinusa ukipita Pemba msimu wa mavuno, watu wakiwa wamekaa barazani usiku wakichambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande mwingine, na asubuhi majamvi yakatandazwa kandokando ya barabara. Vikonyo vilivyowekwa upande havitupwi. Vinakwenda kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake, vinakamuliwa mafuta.

Yujenoli ina kazi iliyothibitika, na kazi hiyo iko mdomoni. Inatia ganzi neva na kupunguza uvimbe wa ufizi pale inapogusa. Mwaka 2006 huko Kuwait watu wazima 73 walipakwa mdomoni jeli ya karafuu au dawa ya ganzi ya benzokaini, kisha wakachomwa sindano. Karafuu ilizuia maumivu sawa na benzokaini. Daktari wa meno anayekuzibia jino kwa muda mara nyingi anatumia saruji ya zinki iliyochanganywa na yujenoli. Harufu ile unayoikumbuka kutoka kliniki ya meno ni karafuu yenyewe. Bibi aliyekwambia ung'ate punje ya karafuu kwenye jino bovu alikuwa sahihi kabisa, mpaka kesho yake ufike kwa daktari, maana ganzi haitoi usaha.

Kwa goti? Sijakuta utafiti wa watu unaonishawishi. Punje ya karafuu ina uzito usiofika robo gramu, na yujenoli ukiimeza ini linaiondoa upesi. Kwenye mdomo inakaa juu ya jeraha, kali na nzito. Kwenye goti haifiki. Hapo ndipo bingwa wa namba anaposhindwa na tangawizi ya kawaida.

Na usimpe mtoto mafuta ya karafuu kwa mdomo. Kijiko au viwili vya chai vimewahi kuua ini la mtoto mdogo ndani ya siku chache. Chupa ile ndogo inayokaa kabatini na dawa za kikohozi ihamishie juu kabisa, leo.

Presha na sukari: choya na habasoda

Hapa shida ni nyingine. Hakuna panapouma. Ni mishipa inayokaza na kuchakaa kimya kimya, na mtu hujua pale kipimo cha duka la dawa kinapomshtua.

Choya, au rozela, ina rangi nyekundu ya jamii ya anthosianini, na rangi hizo pamoja na asidi zake zinaonekana kulegeza mishipa. Mjini Boston watu 65 wenye presha ya juu kidogo walikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki 6. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa 7.2, wakati waliokunywa kinywaji kinachofanana nayo walishuka 1.3. Ilikuwa mwaka 2010. Tafiti tano zilizokusanywa mwaka 2015 zilikuta kiwango hicho hicho, kama 7.5 kwa namba ya juu na 3.5 kwa ya chini.

Habasoda inapendwa kwa sababu nyingine pia. Mtume (s.a.w.) aliisifu, na katika nyumba nyingi za pwani inaliwa kwa nia hiyo kabla ya kitu chochote. Naiheshimu nia hiyo, nami nailia. Kiambata chake kikuu kinaitwa thaimokwinoni na kimo kwenye mafuta yake mepesi. Tafiti 11 zilizokusanywa mwaka 2016 zilikuta inashusha namba ya juu ya presha kwa kama 3.3 na ya chini kwa 2.8. Kwa hiyo kwa presha peke yake, choya inaizidi. Kwenye sukari mambo yanageuka. Saudi Arabia mwaka 2010 wagonjwa 94 wa kisukari waliongezewa habasoda juu ya dawa zao, gramu 1, 2 au 3 kwa siku. Gramu 2 zilishusha sukari ya asubuhi kabla ya kula. Gramu 1 haikutosha, na gramu 3 hazikuongeza faida. Gramu 2 ni kama kijiko cha chai kisichojaa. Kuna na utafiti mdogo wa Misri wa mwaka 2012, wanawake 40 wenye baridi yabisi ile inayokunja vidole. Mafuta ya habasoda yaliwapunguzia ugonjwa kidogo juu ya dawa zao. Ni wachache, lakini inatia moyo.

Kwa hiyo mwenye presha inayoanza kupanda na sukari ya kawaida, nampa choya. Mwenye sukari, au sukari na presha kwa pamoja, nampa habasoda iliyosagwa siku hiyo hiyo, maana ikisagwa na kukaa wazi mafuta yake mepesi yanapotea na harufu inakwenda nayo.

Choya kuna namna ya kuiharibu, nayo ndiyo tunayoifanya wengi: sukari. Juisi ya rozela inayouzwa kwenye chupa za plastiki mara nyingi imejaa sukari kwa sababu ua lenyewe ni chachu, na mtu anakunywa akidhani anajitibu. Watu wa Boston walikunywa hivi: gramu 1.25 za maua makavu, ambayo ni kama kijiko cha chai kilichojaa, ndani ya kikombe cha maji yanayochemka, dakika sita, kisha kuchujwa. Ukishindwa na uchachu, chemsha na kipande cha tangawizi au mdalasini. Sukutua mdomo kwa maji baadaye, asidi yake inakula meno.

Mlonge nauweka mahali pake: ni mboga bora sana, yenye vitamini na protini ambazo majani machache yanazo, na ningependa kila nyumba ipande mti mmoja. Kama dawa ya uvimbe, ushahidi wake kwa watu bado ni mwembamba. Mwarobaini usimpe mtoto mchanga mafuta yake, wala mjamzito.

Kabla hujaweka mdomoni

Anayemeza wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiongeze dozi kubwa za manjano, tangawizi, karafuu wala habasoda bila kumwambia daktari, kwa kuwa zote zinaweza kuongeza damu kutoka. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji aache vidonge vya mimea wiki mbili kabla. Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo aepuke vidonge vya manjano, maana vinakiminya kifuko. Anayetumia dawa ya presha au ya sukari, choya na habasoda vitamshusha zaidi, wakati mwingine mpaka kizunguzungu, apime. Mjamzito abaki na kiasi cha chakula, isipokuwa tangawizi ya kichefuchefu. Na daktari akikuuliza unatumia dawa gani, zitaje na hizi. Wengi hatuzitaji, tukidhani si dawa, na daktari anabaki akitafuta sababu ya vipimo vya ini kupanda pasipo kujua.

Nilimweleza mama haya yote kwa siku mbili, si kwa mara moja. Alisikiliza, kisha akauliza, "Basi hizi karafuu nizitupe?" Nikamwambia hapana mama, fungua vidonge utie kwenye pilau. Alicheka, lakini alivifungua kweli.

Utaratibu aliouchagua mwenyewe ni huu. Asubuhi kikombe cha tangawizi kavu iliyopondwa, pamoja na maandazi ili tumbo lisichomeke. Manjano mabichi na pilipili manga kwenye mchuzi wa nazi mara nne kwa wiki. Alasiri choya bila sukari kwenye thamosi yake ndogo, na presha inapimwa Jumatatu na Alhamisi na kuandikwa kwenye daftari, ambalo daktari wake analikagua kila akienda kuchukua dawa. Kidonge cha manjano alikikataa. Siku goti likikaza sana anameza parasetamoli, anachuliwa kwa mafuta ya nazi ya moto, na anatembea hadi kwa shangazi na kurudi, kwa kuwa mtaalamu wa viungo alimwambia misuli ya paja ndiyo inayolibeba goti. Juzi aliinuka kwenye mswala kwa kushika ukuta kwa mkono mmoja tu.